Nani Kasema Jaribio Linamfukuza Kijana wa Tanga?

Mtoto kazaliwa Pangani saa saba usiku, Ijumaa ya tarehe 1 Machi 2024. Bibi yake anasema kazaliwa usiku wa Ijumaa, na hakosei: kwa hesabu ya pwani siku huanza jua linapozama, kwa hiyo giza lile lilikuwa la Ijumaa tangu magharibi. Muuguzi anaandika kwenye kadi ya kliniki tarehe 1/3/2024, saa 7:00 usiku. Naye hakosei. Kisha taarifa zinaingizwa kwenye programu ya chanjo, na programu hiyo, kama zilivyo nyingi duniani, haitunzi saa za Pangani. Inatunza saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Kwa saa za huko mtoto huyu kazaliwa saa nne usiku, tarehe 29 Februari. Aliyeandika programu akisahau kuirudisha saa ya nyumbani kabla ya kuonyesha tarehe, kadi itasema Machi na skrini itasema Februari.

Siku moja tu, atasema mtu. Ni kweli kwamba siku moja haimdhuru mtoto ambaye chanjo zake za pentavalenti na matone ya polio zimepangwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Madhara yako kwingine. Mama anahamia Muheza. Muuguzi wa huko anamtafuta mtoto kwenye mfumo kwa tarehe iliyo kwenye kadi, hampati, anamsajili upya. Hapo mtoto mmoja amekuwa wawili. Wa kwanza ameachwa njiani na dozi moja, wa pili anaendelea vizuri. Baada ya miezi michache yule wa kwanza anatokea kwenye orodha ya watoro wa chanjo, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapanda baiskeli kwenda kumtafuta mtoto ambaye hayupo. Takwimu za kituo zinaharibika, na mpango wa kuagiza dozi unaharibika pamoja nazo.

Mtoto huyu ni wa mfano. Kosa lenyewe limezoeleka: kuchanganya saa za mahali na saa za Greenwich ni miongoni mwa makosa ya kale kabisa katika kazi ya kuandika programu, na kila fundi aliyekaa na tarehe za watu kwa muda amewahi kuumwa nalo. Tuseme basi kijana wa Tanga, mtaalamu wa kompyuta aliyekulia Ngamiani na anayejua kwamba usiku wa Ijumaa si Ijumaa usiku, ameligundua. Programu ni huria, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Anaandika kiraka cha mstari mmoja na kukituma kwa watunzaji wa mradi. Watunzaji wanamjibu: asante, lakini leta pia jaribio.

Ugomvi wote uko hapo.

Jaribio linalodaiwa ni lile ambalo mafundi huliita testi ya rigresheni. Hapa litaitwa jaribio la marejeo, kwa sababu kazi yake ni kulinda kosa lililokwisha kutibiwa lisirejee. Ni kipande kidogo cha msimbo kinachokaa ndani ya mradi na kuendeshwa na kompyuta kila mtu anapobadilisha chochote. Likifeli, badiliko halipokelewi mpaka sababu ijulikane. Miradi mingi mikubwa ya programu huria imeliweka kuwa sharti: hakuna kiraka cha kutibu kosa kisichokuwa na jaribio lake.

Rai iliyoenea katika mafunzo ya vijana, kwenye mikutano ya wabunifu na hata miongoni mwa wafadhili ni kwamba sharti hili ni kizingiti. Watetezi wa rai hiyo ni watu wema, na hoja zao zinastahili kusemwa kwa nguvu zote kabla ya kujibiwa. Wanasema mchangiaji wa Afrika tayari anashindana na mengi: kompyuta iliyotumika miaka minane, bando linaloisha kabla ya wiki, umeme unaokatika, maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha watu wanaofahamiana. Amejitolea bila malipo. Ameona kosa ambalo wataalamu wa Ulaya hawakuliona, akalitibu, na badala ya kushukuriwa anapewa kazi ya nyumbani. Wengi huishia hapo na hawarudi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu hawa. Mgeni akija na dawa mkononi hupaswi kumpa mtihani mlangoni. Mpokee kiraka, jaribio litaandikwa baadaye na mwenye nafasi.

Hoja hiyo ina huruma ndani yake. Lakini inamwangalia mchangiaji siku moja tu, siku anayobisha hodi. Haimfuati kuona kinachoipata kazi yake akishaondoka. Na ukiifuata kazi hiyo mwaka mmoja au kumi mbele, utaona kwamba sharti linaloitwa kizingiti ndilo linalomlinda yeye kuliko mwingine yeyote.

Ushahidi uko kwenye OpenSSH, programu huria ambayo karibu kila msimamizi wa seva duniani huitumia kuingia kwenye mashine iliyo mbali. Mwaka 2006 liligunduliwa kosa katika namna programu hiyo inavyomshughulikia mgeni aliyebisha hodi akakaa muda mrefu bila kuonyesha nywila. Kosa lilipewa namba rasmi, CVE-2006-5051, na likatibiwa mwaka huohuo. Miaka 14 ikapita. Oktoba 2020, katika kupanga upya sehemu inayoandika kumbukumbu za matukio, mstari mmoja uliokuwa sehemu ya ile tiba ukaondolewa bila kukusudia. Hakuna jaribio lililolia. Toleo la 8.5p1 likatoka likiwa na kosa lilelile la 2006, likasambaa duniani, na halikufichuliwa mpaka tarehe 1 Julai 2024, pale watafiti wa kampuni ya Qualys walipotangaza kwamba katika mashine nyingi za Linux mtu asiye na nywila angeweza kujipa mamlaka yote ya seva. Walikadiria kuwa seva zaidi ya milioni 14 zilizo wazi kwenye intaneti zilikuwa katika hatari hiyo.

Ipo pingamizi ya haki hapa, na haifai kuikwepa. OpenSSH ina majaribio mengi, na kosa hili lilikuwa la aina ngumu kupimwa, kwa sababu linategemea matukio mawili kugongana katika sehemu ndogo ya sekunde. Watafiti wenyewe walihitaji maelfu ya majaribio ili kulifanikisha mara moja. Kwa hiyo si kila kosa litakubali kufungwa kwa jaribio jepesi. Lakini tazama kilichotokea. Mradi wenye mafundi hodari kuliko karibu wote, wanaojulikana kwa uangalifu wao, ulipoteza tiba yake kwa sababu aliyegusa ule mstari hakuwa na cha kumkumbusha uliwekwa kwa nini. Kama wao walisahau, mradi wa afya unaobadilisha mafundi kila mkataba wa ufadhili unapoisha utakumbuka kwa kutumia nini?

Hapo ndipo suala linapogusa Tanga moja kwa moja. Mkoa huu, pamoja na Arusha na Kilimanjaro, ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kupokea daftari la kielektroniki la chanjo, TImR, chini ya mpango wa BID ulioendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na shirika la PATH. Msingi wa daftari hilo ulikuwa programu huria iitwayo OpenIZ, ambayo iliandikwa katika chuo cha Mohawk, mjini Hamilton, Kanada. Takwimu za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, za halmashauri zote 11 za mkoa, kuanzia Mkinga mpakani mwa Kenya hadi Kilindi, hupita kwenye DHIS2, programu huria nyingine ambayo kitovu chake ni Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, na ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliifanyia kazi kubwa kuileta na kuirekebisha hapa nchini. OpenMRS, inayotunza mafaili ya wagonjwa katika nchi nyingi za Afrika, ilianza mwaka 2004 kutokana na kazi ya kliniki za Ukimwi za Eldoret, Kenya, na leo hii huandikwa na watu waliotawanyika mabara yote.

Maana yake ni kwamba msimbo unaogusa mtoto wa Pangani mara nyingi huguswa na mtu ambaye hajawahi kufika Pangani. Mtu huyo si mbaya wala si mzembe. Anakaa mahali ambapo saa saba usiku huitwa saa moja, siku huanza saa sita za usiku, na jirani zake wote wamezaliwa kwa tarehe ambazo kompyuta haibishani nazo. Siku moja anasafisha msimbo, anauona mstari wa kijana wa Ngamiani, hauelewi, unaonekana kama takataka. Anaufuta. Kila kitu kinaendelea kufanya kazi Hamilton na Oslo. Kinaharibika Pangani tu, na Pangani hakuna aliye kwenye kikao cha watunzaji siku ya Jumanne.

Kijana naye yuko wapi? Tanga inasifika kwa msemo wa waja leo, waondoka leo, na katika programu huria msemo huo ni maelezo sahihi ya hali ilivyo: wachangiaji wengi huleta kiraka kimoja, kisha maisha huwachukua. Amepata ajira Dodoma, ameoa, amebadilisha baruapepe. Hayupo wa kusema msiuguse huo mstari, una mtoto nyuma yake. Mgeni alikuja na mwenyeji akapona kwa msimu mmoja. Mgeni alipoondoka, ugonjwa ukarudi na hakuna anayekumbuka dawa ilikuwa nini.

Jaribio ndiyo sauti inayobaki. Lile la mtoto wetu likisemwa kwa Kiswahili ni hivi: msajili mtoto aliyezaliwa Pangani tarehe 1 Machi 2024, saa 7:00 za usiku, funga, fungua tena, soma tarehe yake ya kuzaliwa, isipokuwa 1 Machi, zuia badiliko hili. Basi. Kwa msimbo ni mistari isiyozidi kumi. Kijana analiendesha kwanza bila kiraka chake na lazima lifeli, maana jaribio linalopita kabla ya tiba halipimi kitu. Anaweka kiraka, analiendesha tena, linapita. Tangu siku hiyo, yeyote atakayefuta ule mstari akiwa popote duniani atasimamishwa na mtoto wa Pangani kabla hajamaliza kunywa chai yake. Hahitaji kujua Kiswahili wala kusoma barua za miaka mitano iliyopita. Mashine itamwonyesha.

Ndiyo maana inashangaza kusikia kwamba sharti hili linawapendelea wakubwa. Mkubwa halihitaji sana. Fundi mwandamizi wa Oslo ana kumbukumbu ya mradi kichwani, ana kiti kikaoni, anaweza kupinga badiliko kwa neno moja na akasikilizwa. Mchangiaji wa pembeni hana hata kimoja kati ya hivyo. Kumsamehe jaribio ni kumpokea kwa tabasamu huku kazi yake ikiwekwa mahali ambapo upepo wa kwanza utaipeperusha. Huo ni upole unaomnyima haki.

Na hoja kwamba sharti huwafukuza watu, je? Kama ingekuwa kweli, miradi migumu ingekuwa mitupu. Django, nyenzo ya kujengea tovuti iliyotolewa mwaka 2005, haina aibu kabisa katika jambo hili: kiraka cha kutibu kosa kikija bila jaribio huwekewa alama kwamba kinahitaji jaribio, na hakiingizwi mpaka lije. Mradi huo huo, wenye ukali huo huo, ndio uliofanya mkutano wake wa kwanza wa Afrika, DjangoCon Africa, ng'ambo tu ya maji ya Tanga, Zanzibar, Novemba 2023, na mwaka 2025 ukafanyika tena Arusha. Vijana walikwenda wakaijaza mikutano hiyo. PostgreSQL, hifadhidata inayoandikwa na watu wa nchi nyingi tangu 1996, hubeba majaribio ya marejeo ndani ya msimbo wake, na haijawahi kukosa wachangiaji. OpenMRS yenyewe, mradi uliozaliwa Afrika Mashariki, humwekea kila mleta badiliko orodha fupi ya kujikagua, na moja ya mistari yake ni kama ameongeza majaribio.

Mfano mkali kuliko yote ni SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya kila simu ya Android, pamoja na zile wanazobeba wahudumu wa afya vijijini. Kanuni yake ni kwamba kosa lililoripotiwa halihesabiwi kuwa limetibiwa mpaka liwepo jaribio la kulidhihirisha. Kwa hesabu ya waandishi wake, mwaka 2023 msimbo wa majaribio ulikuwa mkubwa kuliko msimbo wa programu yenyewe mara 590. Ni haki kuongeza kwamba SQLite haipokei viraka vya watu wa nje kirahisi, kwa hiyo haithibitishi chochote kuhusu ukarimu. Inathibitisha jambo jingine: kwa nini hifadhidata hiyo hufunguka kila asubuhi na taarifa zikiwa salama, hata kwenye simu iliyozimika ghafla katikati ya kazi kwa kuishiwa chaji huko Amani milimani.

Bando ni shida ya kweli, lakini haiongezeki kwa sababu ya jaribio. Mistari kumi ya maandishi ni midogo kuliko picha moja ya WhatsApp. Kazi nzito ya kuendesha majaribio yote ya mradi, ambayo ingeichosha kompyuta ya kijana usiku kucha, siku hizi hufanywa na seva za mradi wenyewe mara tu anapotuma kiraka. Yeye anahitaji kuendesha lile moja lake tu.

Hata hivyo kuna kitu kinachowafukuza vijana, na watetezi wa sharti wasijifanye hawakioni. Ni jibu la maneno mawili. Mtu ameandika kiraka chake cha kwanza kwa wiki mbili, anajibiwa leta jaribio, kisha kimya. Hajaonyeshwa faili la kuliwekea, hajapewa mfano wa jaribio linalofanana, hajui amri ya kuliendesha. Akiuliza, wiki tatu zinapita. Pia kuna miradi ambayo majaribio yake ya zamani hufeli na kupita yenyewe bila sababu, leo mekundu, kesho kijani, na mgeni hulaumiwa kwa moto asiouwasha. Huo ni uzembe wa wenye nyumba. Tiba yake ni watunzaji kukaa na mgeni na kuandika naye jaribio la kwanza, mstari kwa mstari, na kusafisha majaribio yao yanayoyumba. Kuondoa sharti hakutibu uzembe huo, kunauficha.

Wala sharti halipaswi kuwa la kipofu. Mtu aliyesahihisha herufi katika maelekezo, au aliyeleta tafsiri bora ya neno la Kiswahili, asidaiwe jaribio. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu huria ya ofisini, kazi kubwa ilikuwa ya lugha, na kazi ya lugha hupimwa na masikio ya wasemaji. Jaribio ni la tabia ya programu: tarehe, hesabu, ruhusa, kile kinachohifadhiwa na kile kinachopotea.

Lile neno baadaye ndilo lisilosameheka. Jaribio litaandikwa baadaye na nani? Anayelijua kosa kwa undani ni aliyeliona likitokea, na analijua vizuri zaidi wiki hiyohiyo. Baada ya miezi sita hata yeye atalazimika kukumbuka kwa shida kama ilikuwa saa saba au saa tisa. Mtu mwingine hataliandika, kwa sababu kwake yeye kosa halipo tena, na hakuna mfadhili anayelipia kutafuta kosa ambalo halipo. Wafadhili hulipia sura mpya ya skrini, ripoti mpya, moduli mpya, vitu vya kupigia picha siku ya uzinduzi. Na siku hizi viraka vinaweza kutengenezwa na mashine za akili mnemba kwa dakika moja, vikaonekana safi kabisa. Mtunzaji akipokea viraka ishirini kwa siku, cha kumwonyesha kipi kimetoka kwa mtu aliyeliona tatizo ni jaribio linalofeli pasipo kiraka na kupita kikiwepo.

Kwa hiyo ombi linakwenda kwa pande mbili. Halmashauri na mashirika yanayoajiri mafundi kurekebisha mifumo ya afya ya mkoa yaandike kwenye mkataba kwamba kila kosa lililotibiwa likabidhiwe pamoja na jaribio lake, na kwamba vyote viwili vipelekwe kwenye mradi mama badala ya kubaki kwenye kompyuta ya mkandarasi. Na wewe kijana wa Ngamiani, Chumbageni au Makorora, ukiona kosa la saa katika programu huria, usitume kiraka kitupu hata kama mtunzaji amekuambia hakuna haja. Mwandike mtoto wa Pangani, saa saba usiku, tarehe 1 Machi, umtume pamoja nacho.